Bwana Arusi Aliyetuma Mtu

Mjukuu wangu Furaha,

Amani ya Mungu ikukute hapo Uvira. Sisi huku ughaibuni, Columbia Heights, tu wazima, na babu yako mpya, mume wangu mtamu, ananichemshia chai ninapokuandikia.

Umeniuliza kama yule binti wa mfalme wa Ufaransa wa zamani, uliyemsoma kitabuni, alifurahi siku ya harusi yake. Nami nilisimuliwa habari zake shuleni. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu! Mwalimu alisifia gauni, wasichana tukapiga makofi. Nikauliza, "Na bwana arusi?"

"Alibaki kwao Hispania. Alituma mtu asimame mahali pake."

"Loo! Hata mbuzi mtu hamnunui bila kumwona!"

"Kaa chini, wewe mdomo!"

Nilikaa, lakini hasira yangu haijakaa mpaka leo. Walimtenga na dada yake pacha, wakampeleka kwa mtu asiyemjua, na hakuna aliyemuuliza kama anataka!

Mimi kizee niliulizwa. Babu yako huyu mpya alikuja kanisani mwenyewe, theluji mabegani. Kabla mchungaji hajamaliza swali, nikaitika, "Ndiyo!"

Wa kwako akija, Furaha, aje mwenyewe. Na akuulize wewe.

Koko wako, bibi arusi