Mdomo wa Nusrat, Siku Tatu Kabla ya Harusi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Malindi, Unguja
Tarehe 19/02/2025, saa 3:20 asubuhi

Jina: Muhiddin Nahodha Makame
Umri: Miaka 56
Kazi: Kukodisha maturubai na viti vya harusi
Makazi: Kiembe Samaki
Elimu: Kidato cha pili

Mimi ndiye mwenye majina hayo. Unguja hii hakuna harusi ya maana ambayo haijakaa chini ya turubai langu. Jambiani niliwahi kushika mlingoti peke yangu, upepo wa kusi unavuma, watu mia tatu wanakula biriani, na haikuruka hata punje moja ya mchele. Afisa ameniambia nirudi kwenye shauri. Narudi.

Nusrat ni mtoto wa dada yangu Zeyana, wa hapa hapa Malindi. Harusi yake ni Ijumaa hii, tarehe 21. Tangu Ijumaa iliyopita ametiwa ndani, anasingwa, yaani anasuguliwa mwili, na somo wake, kungwi Bi Sichana. Singo hiyo ni ya kwetu ya asili: karafuu, liwa, asmini, marashi. Mama yetu, marehemu Bi Mashavu, alisingwa hivyo hivyo. Rangi ya mdomo ilikuwa tambuu tu, akitafuna mdomo unakuwa mwekundu, na akicheka Malindi wanasikia mpaka Ng'ambo. Mdomo wake wa juu ulikuwa mwembamba kama umechorwa kwa wanja. Katika wajukuu wote, mdomo ule aliurithi Nusrat peke yake. Nilikuwa nikimchekesha makusudi ili nimwone mama.

Mnamo tarehe 18/02/2025, kiasi cha saa tano asubuhi, nilifika kwa Zeyana kupima uwanja wa turubai. Zeyana akaniuliza, "Kaka, viti mia mbili vitatosha?" Nikamwambia, "Mie nkileta viti, hata jini akija anapata pa kukaa."

Nikamwita Nusrat toka ukumbini. Bi Sichana akatoa kichwa penye pazia. "Muache, Muhiddin. Ana haya zake. Tangu asubuhi hajafungua kinywa."

"Hata chai?"

"Hata maji. Nimemsinga, nimemfukiza, hata kuguna hakuguna. Laiti watoto wa siku hizi wote wangekuwa hivi!"

Zeyana alifurahi. Mimi sikufurahi. Mtoto yule hata akiwa na homa huzungumza. Mjomba ni maharimu wake, nikaingia. Alikuwa amekaa mkekani, kajifunika kanga mpaka machoni. Nikamwambia, "Funua uso, mama."

Akafunua. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba, upande wa kulia mweupe kama chokaa, na pembeni umeingia rangi ya zambarau. Nikamuuliza, "Nani kakupiga?"

"Sijapigwa, mjomba. Nimedungwa sindano. Nlitaka unenepe kidogo, kwa ajili ya picha."

Alieleza kwamba Jumatatu alasiri alitoka kwa kisingizio cha kujaribisha gauni kwa fundi, akaenda saluni ya Badria, Mji Mkongwe. Akarudi amevaa nikabu, hakuna aliyejua. Asubuhi yake, chumba bado kiza na uvimbe ungali mdogo, Bi Sichana akamsinga uso mzima kwa nguvu, na mdomo ukiwemo, kisha akamweka kwenye mvuke.

Bi Sichana alijipiga kifua. "Mie nlikandamiza hapo kwa vidole vyangu! Mbona hukunambia, mwanangu?"

Nusrat akajibu, "Biharusi hasemi, Bi Sichana. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?"

Bi Sichana akakaa chini, na bakuli la singo mkononi.

Nikampeleka hospitali kwa gari yangu ya viti. Tulipokewa na Daktari Lilavati. Alimbonyeza mdomo, akatazama saa yake, halafu akaanza kuuliza.

"Aliyekudunga ni daktari?"

"Anasuka nywele."

"Umedungwa dawa gani?"

"Ya midomo."

"Alikwambia usikandwe, usikae kwenye moto wala mvuke?"

"Alinambia nisipake lipstiki."

Daktari akasema hata kwa mtaalamu mwenye leseni, mtu hafanyi jambo hili wiki ya harusi, kwa sababu mdomo unahitaji siku za kutulia, na likitokea la kutokea pawepo nafasi ya kulitibu. Kisha akanivuta pembeni. "Damu haipiti hapo. Ikichelewa, nyama itakufa. Naanza kumdunga dawa ya kuyeyusha hiyo iliyoziba, lakini ziko aina haziyeyuki. Nitafutie boksi lake, haraka."

Saluni ya Badria iko ghorofa ya tatu, uchochoro wa nyuma ya Darajani. Ngazi nilizipanda mbili mbili. Afisa ameniuliza kama nina uhakika. Za mwanzo nilizipanda mbili mbili.

Badria akasema, "Baba, hapa pa wanawake." Nikamwambia, "Na mie nimetumwa na mwanamke. Boksi la dawa ya Nusrat liko wapi?" Akasema dawa ni nzuri, hata yeye kajidunga. Nikamwambia mdomo wa mtoto unakufa. Hapo akafungua friji ndogo. Ndani, pamoja na juisi ya ukwaju, lilikuwamo boksi, na ndani yake sindano ile ile, imebaki nusu.

Nikamuuliza nusu hiyo ameiwekea nini. Akatupa jicho kwenye kiti cha wateja. Kitini alikuwapo msichana, hina mbichi mikononi, kidole kidogo cha kushoto hakijachorwa bado. Nikamwambia, "Mwanangu, shuka na mie." Akasema, "Mjomba, leo ndiyo siku yangu pekee ya kutoka. Harusi Alhamisi." Boksi lilikuwa linasubiriwa hospitali. Nikalichukua na sindano yake, nikashuka peke yangu.

Daktari alisoma boksi, akashusha pumzi. "Inayeyuka." Akaendelea kumdunga. Hadi magharibi weupe ulikuwa umeondoka, ila pembe ya kulia ilibaki nyeusi. Daktari alisema pembe hiyo huenda ikapona, huenda ikaacha kovu. Nilikaa karibu na kitanda chake nikamtazama amelala. Mdomo wa mama yangu sikuuona.

Zeyana aliniomba tusitiri. "Kaka, tuseme ana surua. Ukienda polisi mji mzima utajua kabla ya Ijumaa." Mimi, kusema kweli, nilikubali.

Leo asubuhi Nusrat aliamka akaniuliza kama saluni kulikuwa na mtu mwingine. Nikamweleza. Akasema, kwa tabu, "Badria ana maboksi mengine, mjomba. Nenda polisi. Wakisema, waseme."

Ndiyo nimekuja. Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, nimesomewa, nimeona ni sawa.

Sahihi: M. N. Makame

MAELEZO YA AFISA: Nimepokea kutoka kwa shahidi boksi moja na sindano moja iliyotumika. Askari wa kike wawili wametumwa saluni saa 4:15 asubuhi. Msichana wa kitini hajajulikana jina wala makazi. Shahidi ameruhusiwa kuondoka, hakuondoka. Yuko benchi la nje, anasema hina ile ataitambua.

D/Sajini Shaheen A. Mbarouk