Kiapo cha Katekista

Mollo, Sumbawanga
24 Februari 2024

Mwanangu Jenifa,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Sisi hatujambo, ila baridi imemshika mama yako magoti, anatembea kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga shela. Mahindi yamebeba vizuri. Wewe je? Kazi ya ukarani mahakamani inakwendaje? Unakula?

Utashangaa kuletewa barua na kondakta wakati simu ninayo. Simu yangu inapaza sauti, na hili ninalotaka kukuambia mama yako hajalisikia bado.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza namna ya kuungama. Mjukuu wa Beda, kale kabinti kenye maneno, kakanyosha kidole: "Mwalimu, mtu akiiba kuku, akaungama, mayai anaendelea kula yeye?" Wenzake wakacheka. Mimi nilifunga kitabu nikasema muda umekwisha, na muda haukuwa umekwisha.

Unaikumbuka kesi ya Masunga, yule mfugaji wa Kisukuma, mwaka 2013? Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ng'ombe waliingia katika shamba la ulezi la mjane Albina, wakalimaliza. Nilishika Biblia mbele ya hakimu nikasema nilimwona Masunga akiwaswaga ng'ombe wake kutoka humo. Nilidanganya, mwanangu. Walikuwa maksai wangu wa kulimia. Siku moja kabla ya shamba kuliwa nilikuwa na haraka ya kwenda harusini, lango la zizi nikalifunga ovyo. Asubuhi nikakuta watu wamejaa shambani, wote wanawataja wafugaji, nami katekista mzima nikaona aibu. Nikasema, "Ndiyo, niliwaona." Neno likishatoka mbele za watu, utalirudishaje? Na mahakamani hakimu hakuniuliza hata swali la pili. Nani angemshuku katekista?

Masunga alifungwa miezi sita. Akiwa gerezani mama yake alifariki, na yeye ndiye mtoto wake wa pekee. Padre alikuwa safarini, kwa hiyo mazishi niliyaongoza mimi.

Sasa nimeungama. Padre ameniondolea dhambi, lakini amenitaka nikamrudishie yule mtu jina lake, kwake mwenyewe na mahakamani. Wewe ni mtu wa mahakama. Niambie nitafanywa nini.

Baba yako,
Kalisti


Mbeya
4 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, usiwe na wasiwasi. Mpe mama pole ya magoti.

Barua yako niliisoma mara tatu, nikaichana, kisha nikaanza kuokota vipande.

Baba, ushahidi wa uongo ni jinai, na adhabu yake ni jela. Sheria haitaangalia kwamba una miaka sitini na nane na presha. Kila wiki naandika hati za watu wanaopelekwa gerezani, nawaona wanavyotoka na wanavyogeuka kutazama ndugu zao. Sitaki kuandika jina lako, wala karani mwingine aliandike.

Nasikia Masunga siku hizi yuko Kizwite, ana mashine ya kusaga, maisha yake yanakwenda. Yaliyopita si ndwele. Mungu ameshakusamehe, unamtaka nani tena? Nakusihi, mama asijue, na mtu yeyote asijue.

Binti yako akupendaye,
Jenifa


Mollo
11 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi kusikia u mzima. Hapa mvua bado inanyesha, na mama yako amepata dawa ya kuchua.

Ya sheria yote umesema kweli. Lakini hilo la yaliyopita si ndwele hulisema aliyeumwa, halisemi aliyeuma. Nimemwomba padre anipumzishe kufundisha watoto. Amekubali.

Nitakwenda, Jenifa. Ila sitaki kwenda huku umenikasirikia. Wewe ndiye niliyekuwa nakuogopa kuliko hakimu. Nijibu kabla ya Pasaka.

Baba yako,
Kalisti


Mbeya
20 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima. Pasaka imepita na sikujibu, na simu zako sikupokea. Nisamehe.

Lango la zizi hukulifunga ovyo. Ulilifunga vizuri kabisa, ukaenda harusini. Mimi nilitumwa kuni, kamba yangu ikawa imekatika. Nikafungua ile ya lango, nikafungia mzigo wangu, na lango nikalishikiza kwa gome bichi la mti. Asubuhi nililikuta gome limekatika chini, nikalitupa jikoni motoni.

Kisha nikakusikia ukisema "niliwaona." Nilijua si kweli, na nilifurahi. Baba, nilifurahi, kwa sababu sitachapwa. Miaka yote hii nimeamini kwamba uliniona, ukaapa ili unikinge. Ndiyo maana nilikuzuia. Nilisema naogopa usije ukafungwa, na ni kweli naogopa, lakini nilikuwa najificha pia.

Nenda, baba. Ukitaka nije tuseme wote wawili, nitaomba ruhusa kazini nije.

Mwanao,
Jenifa


Mollo
Jumapili, 5 Mei 2024

Mwanangu Jenifa,

Salamu, na kwanza futa machozi. Sisi hatujambo.

Kamba ni ya mtoto, kiapo ni cha mtu mzima. Maksai kufunguka ni bahati mbaya. Tungemlipa Albina ulezi wake, nawe ungechapwa kidogo, maisha yakaendelea. Wala sikukuona siku ile. Natamani ningeweza kusema niliapa kwa ajili yako, lakini niliapa kwa ajili ya jina langu. Usije. Kaa kazini.

Mama yako nimemwambia. Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu akanitengea ugali akasema, "Kula. Huko unakotaka kwenda maharage hayaungwi."

Alhamisi nilikwenda Kizwite. Masunga alinipokea vizuri, "Karibu mwalimu, kaa." Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Akaenda kuzima mashine, akarudi.

"Nilijua," akasema. "Nyayo zilikwenda mbili mbili shamba zima. Ng'ombe waliozoea nira hata wakifunguka wanakula bega kwa bega. Wangu walikuwa majike na ndama, hawajawahi kuvaa nira."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mahakamani.

"Nilisema, mwalimu. Sikuona mtu akiandika."

Jenifa, wewe uliye karani, uandike kila neno la kila mtu.

Nilidhani baada ya hapo atanifukuza. Akavuta kigoda akakaa, akasema, "Basi nieleze mazishi ya mama." Nikamweleza. Akina nani walichimba kaburi, alivikwa kitenge gani, akina mama waliimba nini. Aliuliza hata kama mvua ilinyesha. Nikamwambia pia kwamba mama yake, siku za mwisho, alikuwa ananiuliza mimi kama huko gerezani mwanawe anapewa blanketi, nami nilikuwa namjibu kwamba anapewa. Hapo tulilia wote wawili, sikujificha. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza.

Kesho asubuhi nakwenda mahakamani kuandikisha maelezo yangu. Yatakayofuata utayasikia. Masunga amesema atanisindikiza. Nilimkatalia, nikamwambia njia hii ni yangu mwenyewe.

Akasema, "Mwalimu, mimi siku ile nilikwenda peke yangu. Ni mbali."

Baba yako,
Kalisti