Fiancée Mbele ya Baba Mkwe

Jumatatu, 18/12/1995
Daftari langu, hujambo? Ule unyevu wa mwezi jana umekwisha? Mimi mzima, namshukuru Mungu, magoti tu yanasumbua kwa baridi hii.

Leo nimekaa na ndizi zangu sokoni Tukuyu, Muddy, dereva wa Hiace za Mbeya, kanipigia kelele dirishani. Mama! Mwanao Anyelwisye kanituma! Jumamosi anakuja kutoka Dar na fiancée wake!

Na nani?

Fiancée, Mama! Wewe andaa kuku tu!

Akaondoa gari. Fiancée. Tamu mdomoni kama pipi. Lakini ni mtu gani huyo? Darasa langu la nne halikufika huko.

Jumanne, 19/12/1995
Nimemwambia mzee wangu, Ambindwile. Kaweka kikombe chini. Kauliza: ni mkamwana au ni mgeni?

Swali zito! Elina, mke wa mtoto wetu mkubwa, tangu ng'ombe wetu walipopokelewa kwao hajamtazama baba mkwe usoni. Mzee akikaribia anakohoa, Elina anaingia migombani. Ndiyo heshima yetu. Sasa huyu wa Dar akiwa mkamwana, halafu ampe Mzee mkono — aibu! Mzee kaapa, likitokea hilo hatakanyaga kwao kuposa. Na akiwa mgeni tu, nasi tukamfichaficha, atajua tumemkataa. Anye naye ataondoka naye, simwoni tena.

Tafuta maana ya hilo neno, Mzee kasema. Mimi nitalifuata.

Alhamisi, 21/12/1995
Nimekwenda kwa Agness, anayefundisha Kiingereza sekondari. Kafungua kamusi. Mwanamke aliyechumbiwa, kasema.

Kachumbiwa na nani? Ng'ombe hata mmoja hajatoka zizini kwetu!

Agness kacheka mpaka kashika mbavu. Mama, kwa Kiingereza pete inatosha. Wakikubaliana wawili, basi ni fiancée. Siku ya harusi neno linakoma, anaitwa mke.

Yaani ni neno la njiani! Limetoka nyumbani, halijafika. Nikauliza, kamusi inasemaje juu ya baba mkwe? Kageuza karatasi, kageuza tena. Baba mkwe hayumo, Mama.

Sasa Waingereza wanakaaje na wakwe zao? Wanakula meza moja? Nimewaza njia nzima mpaka kwetu Masoko.

Ijumaa, 22/12/1995
Katika sala ya asubuhi nimeshtuka. Mariamu! Si alikuwa fiancée? Hawajakaa pamoja, lakini Yusufu anaitwa mumewe. Nimekimbia kumwambia Mzee, anakamua ng'ombe.

Na baba yake Yusufu alikuwa anakaa wapi? kauliza.

Nikamwacha na ng'ombe wake. Nimefagia nyumba, nimevundika ndizi. Bwana, nipe hekima.

Jumamosi, 23/12/1995
Wamefika. Naandika nimesimama chumbani, ati natafuta kitenge.

Anaitwa Jenifer. Mwembamba, macho ya upole, pete ndogo kidoleni. Kapiga magoti kwenye matope, mbele yangu! Kasema Ugonile, salamu yetu — Anye kamfundisha njiani — Elina kacheka, naye kacheka. Nimempenda. Nakiri. Kaingia jikoni bila kuambiwa, kamenya ndizi, kaharibu nyingi. Kamletea Mzee koti zito la mtumba, kalikunja vizuri. Anataka kumpa kwa mkono wake mwenyewe. Kashauliza mara nyingi, Baba yuko wapi?

Mzee alitoka tangu alfajiri bila kusema kaamua nini. Anye namuuliza, hukumweleza mwenzio desturi? Kajikuna kichwa. Nilidhani mmeshaacha, Mama.

Sasa hivi nimesikia kikohozi nyuma ya zizi. Kile kile! Cha Elina. Elina kadondosha kisu, yuko migombani tayari. Mungu wangu — Mzee kakohoa kwa ajili ya nani? Elina alishajua kuondoka zamani, hakohoewi mara mbili. Kikohozi cha pili hicho. Kinangoja. Mzee kaamua! Amemkubali Jenifer kuwa mkamwana, kamusi au hakuna kamusi.

Na Jenifer kasimama mlangoni, koti mkononi. Namsikia: Mama, Baba anakohoa sana huko nje na mvua inaanza. Nimpelekee koti?

Nikimvuta atadhani tunamfukuza. Nikimwacha anamwendea uso kwa uso. Kashavua viatu.

Daftari, nijibu. Nijibu upesi, Mzee analoa.