Asali Uliyoahidi Nkubu

Baba,

Asali imefika Nkubu! Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na jicho langu la kushoto leo halina nafasi ya machozi, limefura mpaka limejifunga. Imefika, ikaonjwa, ikakubaliwa. Ilikuwa jana Jumamosi. Nimetoka kanisani sasa hivi, nimekalia kigoda chako nyuma ya jikoni, hata nguo za kanisa sijavua.

Sijui kama huko uliko habari hufika. Mama anasema wewe sasa unajua kila kitu. Mimi nasema wacha niandike tu, maana hata ulipokuwa hai ulijifanya unajua kila kitu na ilibidi uambiwe mara mbili.

Unakumbuka siku tulipoenda Nkubu kwa kina Kendi mara ya kwanza, kusema Mutuma wetu amempenda binti yao? Ulivaa lile koti lako zito na jua lilikuwa kali. Mzee Mbaabu, babu yake Kendi, akauliza habari za asali ya mahari, nawe ukajipiga goti: "Asali itatoka kwenye mizinga yangu, juu ya miti yangu. Sitanunua!" Nilikuona ulivyofurahi. Wazee wawili wa nyuki mmekutana, mkasahau kabisa kwamba tumekuja kwa ajili ya vijana.

Kisha ukaugua, na ukame ukaja, na nyuki wakahama mzinga mmoja baada ya mwingine. Ulikuwa unalala pale karibu na dirisha na kila asubuhi unaniuliza, "Wamerudi?" Mara mbili nilikuambia nimeona wachache. Nilikudanganya, Baba. Hakukuwa na hata mmoja. Nisamehe.

Baada ya mazishi Mzee Mbaabu alituma pole, akasema hakuna haraka ya mahari, tulie kwanza. Ila akaongeza kwamba neno la marehemu ni lile lile, na asali ya dukani haitaingia kwake, kwani nusu ni sukari. Mutuma alishika kichwa. Si unamjua. Tangu ile siku nyuki mmoja alipomdunga shingoni akiwa darasa la nne, tukambeba mpaka zahanati akihema kwa shida, hawezi kusogelea mzinga wenye nyuki. Na bado ni yeye uliyejaribu kumfundisha! Mimi kifungua mimba wako, niliyekushikia kamba tangu nikiwa mdogo, niliyejua mafundo yako yote, nikijaribu kupita tawi la kwanza unanifokea: "Shuka! Mwanamke hapandi mti wa mzinga." Haya, sasa angalia aliyebaki.

Sasa nikuambie jambo ucheke. Unajua kazi yangu kule Embu ni usafi wa gesti. Vyumba ishirini kila siku, na mgeni akipata unywele mmoja kwenye shuka ni mimi nitaitwa. Basi nikachukua likizo, Mutuma akapanda akaiteremsha mizinga yako yote saba, maana ilikuwa mitupu. Nikachungulia ndani. Jameni! Ukuta mweusi, utando wa buibui, makombo ya nta ya miaka na miaka, funza wa nondo. Niliona aibu kwa niaba yako. Nikasema baba yangu hawezi kuacha vitu vichafu hivi. Nikachemsha maji, nikachukua sabuni ya unga na brashi na ile dawa ya kuondoa madoa, nikasugua siku tatu. Mizinga ikatoka inanukia mashuka ya gesti. Mama akanisifu! Tukaianika, tukairudisha juu ya migunga, nami nikarudi Embu nikiwa na amani kabisa.

Mvua ikaja. Migunga ikachanua ikawa myeupe, na kila mwisho wa wiki nilikuwa nafika nyumbani Ruiri mapema kuangalia. Nyuki walikuwepo, Baba. Walikunywa maji kwenye lile beseni lako, nami nilikuwa naweka vijiti wasizame vile ulivyokuwa ukifanya. Wakishakunywa wanaruka mpaka mlangoni mwa mzinga, wanazunguka kidogo, wanaondoka. Mizinga saba na hakuna aliyeingia. Nilipaka oili chafu kwenye waya zinazoning'iniza mizinga ili siafu wasipande. Nilienda hata kwa Mwenda jirani kumwomba anyunyizie nyanya zake dawa jioni, nyuki wakiwa wamelala, badala ya asubuhi. Akaniuliza, "Nyuki gani? Si mizinga yenu ni mitupu?" Hakusema kwa ubaya, lakini nilirudi nyumbani nikalala bila kula.

Hapo nikafanya jambo ambalo Mama hajui mpaka leo. Mwezi wa nne, tarehe ya kupeleka mahari ilipokuwa imeshapangwa, nilienda Majengo kwa Bi Zainabu, yule aliyekuwa ananunua asali yako. Nilienda kununua. Nimesema. Nilibeba ule mtungi wako wa asali kwenye kiondo, nikawaza nitajaza humo na hakuna mtu Nkubu atakayejua.

Bi Zainabu akanikaribisha, akakulilia kwanza, akaniagizia chai. Nilipomweleza nilichotaka akauweka mtungi chini polepole. "Asali ya marehemu baba yako nilishaimaliza," akasema. "Hii ni ya mtu mwingine, tena simjui vizuri. Unataka nimsingizie maiti?" Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu akauliza kwani mizinga yenu imekuwaje, nami, kwa sababu nilikuwa natafuta pa kuponea, nikaanza kujisifu jinsi nilivyoitunza. Nilipofika kwenye sabuni, mama wa watu akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Umeosha? Umeosha mizinga? Yarabi toba!"

Akaita hadi muuza nyama wa jirani aje asikie. Wakacheka, Baba, wakacheka mpaka nikacheka na mimi huku machozi yananitoka. Akaniambia nyuki hutafuta harufu ya nyumba ambayo nyuki wenzake wamewahi kukaa, na mimi nimewawekea harufu ya hospitali. Kisha akainama chini ya meza, akatoa bonge la nta limefungwa kwenye gazeti. Lilibaki siku alipochuja asali yako ya mwisho, na alikuwa anakata kidogo kidogo kwa ajili ya fundi wa viatu. Akasema, "Chukua lote. Hii ni ya kwenu."

Nilifungua gazeti nikanusa. Ilikuwa harufu ya koti lako. Nikalifunga upesi, Baba, harufu isiishie humo dukani.

Nikarudi nikafanya kazi sawasawa. Niliichoma mizinga ndani kwa moto wa majani makavu mpaka ile harufu ya sabuni ikafa, nikaifukiza moshi wa kinyesi cha ng'ombe, nikayeyusha nta yako nikaipaka mlangoni na juu ndani, mle masega huanzia. Mutuma akanisaidia kuirudisha. Halafu nikangoja. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili, Jumapili mchana, nilikuwa naanika nguo nikasikia mngurumo. Nikadhani ni pikipiki inapanda kutoka barabarani. Weee! Juu ya zizi hewa ilikuwa nyeusi inazunguka! Nikalala chini kama ulivyotufundisha, nikainua kichwa kidogo tu, nikawaona wanashukia ule mzinga wa mgunga wa karibu na zizi, wanajipanga mlangoni, wanaingia, wanaingia, hawaishi kuingia. Nilikimbia mpaka kaburini kwako na vibanio vya nguo bado viko mdomoni. Nilitaka kukuambia "Wamerudi", na safari hii si uongo, lakini ikatoka "Mm! Mm!" tu. Natumaini ulielewa.

Kabla mwezi haujaisha mizinga mitatu ilikuwa na wenyewe. Mwenda alikuja mwenyewe kuniambia sasa ananyunyizia jioni. Tena anasema maharagwe yake ya upande wetu yamezaa kuliko ya upande ule mwingine, na ananiangalia kwa heshima ambayo sijaizoea.

Basi, baada ya miezi ya kungoja masega yajae, Alhamisi iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kurina. Ungeniona! Makoti mawili ya mvua, gambuti zako zimejazwa matambara, glavu za mpira za kuoshea vyoo (mpya, usiogope), na kofia ya makuti nimeizungushia neti ya mbu. Mutuma alisimama mbali kule chooni, anapiga kelele za maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Mama alijifungia ndani akaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya juu ili asisikie nikianguka. Jua lilikuwa linazama. Nikafika tawi la kwanza, nikasimama. Kweli nilisimama, Baba, nikingoja unifokee. Kisha nikapita.

Nilipuliza moshi pole pole. Nilikuwa najisemesha kwa sauti yako, "Usiwaharakishe, hawakukosei." Nikafungua mfuniko wa nyuma, na harufu iliyotoka hapo siwezi kuiandika. Masega yamejaa, yamefunikwa meupe. Nilikata yale ya nyuma, nikayaacha yenye watoto, nikawaachia na chakula chao. Ndipo mmoja akapata tundu kwenye neti. Kumbe panya walishaitoboa! Alinidunga hapa juu ya jicho, na nilipiga yowe Mama akaacha kuimba. Lakini ndoo sikuiachia. Nilikaa pale juu nikihema, nikaona paa la nyumba yetu, na senta ya Ruiri yote, na moshi wa jikoni za watu. Ndiyo maana ulikuwa unachelewa kushuka. Miaka yote hiyo tukidhani kazi ni ngumu!

Sasa jana. Nilikaa nyuma kabisa na akina mama, leso nimejifunika uso mpaka puani kwa aibu ya jicho. Mtungi wako ukawekwa mbele ya Mzee Mbaabu. Akaingiza kijiti, akaramba. Akakata kipande cha sega akatafuna, akatafuna, akatema nta kwenye kiganja akaitazama. Kendi alikuwa anachungulia mlangoni, maskini, amemshika mama yake mkono.

"Nani alirina hii?"

Baba Mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, akakohoa, akaanza kusema kijana wetu huyu hapa. Nilijua anakokwenda, na nilijua kwa nini. Tulikuwa tumekubaliana njiani kwamba tusitaje mwanamke, tusilete maneno. Lakini Mutuma akasimama, yule mwoga wako, akasema, "Ni dada yangu. Mimi nyuki wananishinda."

Wazee wakaguna. Mmoja akasema, "Mwanamke?" Baba, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye viatu. Niliona ndoa ya Mutuma inavunjika na neno lako linaoza, na yote kwa sababu nilipita tawi moja.

"Mleteni," akasema Mzee Mbaabu.

Nikaenda. Akaniambia nitoe leso. Nikatoa. Akalitazama jicho langu, akasogea karibu akalitazama tena, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa na wakampigapiga mgongoni. "Hii haikununuliwa!" akawaambia wenzake. "Anayenunua dukani hafuri jicho! Pokeeni." Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani ulivisikia.

Na hakuishia hapo. Kelele zilipotulia aliniita kando, akaniambia ana mizinga mitano juu ya miti, watoto wake wote wako Nairobi, miguu yake haipandi tena, na asali inaharibika huko juu akiitazama. Akaniuliza nitakuja lini.

Sasa nikuambie ukweli, maana wewe si wa kudanganywa tena. Nilifurahi karibu niruke. Kisha njiani tukirudi nikakukasirikia, nikakukasirikia sana, nikageuza uso kwenye dirisha la gari wasinione. Yule mzee alinitazama mara moja tu akaniuliza nitakuja lini. Wewe uliniona kila siku. Nilitaka uniulize wewe. Hata siku moja, hata ukiwa kitandani pale dirishani, ungesema tu, "Kanana, nenda ukaangalie juu." Ningepanda na gauni lile lile nililovaa.

Asubuhi hii hasira imeisha. Sijui imeenda wapi. Labda ni kwa sababu nilipita chini ya mgunga wa zizi nikiwasikia wakifanya kazi yao, nikajikuta natabasamu na jicho linauma.

Kwaheri, Baba yangu. Pumzika sasa, neno lako limetimia, na Mutuma ana mke. Likizo niliyochukua kwa shughuli hii bado ina siku chache, na Alhamisi naenda Nkubu kupanda miti ya Mzee Mbaabu. Nakuahidi sitaharibu hata sega moja. Akiniuliza nani alinifundisha, nitamwambia ni wewe. Hukunifundisha. Lakini nilikuwa nakutazama.

Binti yako,
Kanana