Mshale Uliopita Mwisho wa Namba

Jumatatu, 3 Februari
Mume wangu Hallgeir kagonga kioo cha kipimo cha hewa ukutani, kama kila asubuhi, kabla hata ya kahawa. Mshale ukashuka: dhoruba inakuja. "Hiki hakikuwahi kumdanganya marehemu baba," anasema. Sawa. Lakini marehemu hakuzaa mpima hewa — mimi nimezaa! Sólrún wangu, miaka ishirini na mitatu, yuko na kipimo chake cha zebaki kwenye mnara wa taa, kila baada ya saa tatu anatuma namba mjini na redio inazisoma nchi nzima. Nazisikia nikimenya viazi. Nani mwingine kijijini ana mtoto wa kusomwa redioni? Hakuna!

Jumanne, 4 Februari
Upepo. Paa la zizi la jirani limekwenda zake. Hallgeir ananung'unikia nyavu alizoziacha baharini Jumamosi. Supu ya kondoo. Tamu.

Jumatano, 5 Februari
Saa nne asubuhi — kimya! Ghafla tu. Hallgeir kagonga kioo: mshale uko kwenye "Hewa Kavu", upande wa hali njema. Huyo, buti miguuni. "Umepanda! Samaki wangu wanaoza." Nikasema ngoja nimuulize mtoto. "Mtoto, mtoto! Nilikuwa navua hajazaliwa huyo."

Nimepiga simu. Sólrún kanieleza: mshale haukupanda. Umeshuka mpaka namba zikaisha, ukavuka pale chini palipo patupu, ukaibukia upande wa pili. Huu utulivu ni kitovu cha dhoruba. Nusu nyingine iko njiani. "Mpe baba."

Nikavuta waya wa simu hadi mlangoni, nikatega sikio.

"Baba, kioo chako kinaishia 960. Zebaki yangu inasema 931."

"Mjini wanasemaje?"

"Wanasema nimekosea, nisome tena."

"Na wewe?"

"Nimesoma mara tatu, baba."

Hallgeir katazama nje. Bandari nyeupe, tulivu, inamwita. Kisha kavua buti moja. Moja tu! Kakaa kizingitini.

"Upepo utarudi kutoka wapi?"

Hallgeir, miaka arobaini baharini, anamuuliza mwanangu! Kusini-magharibi, kajibiwa, labda nusu saa. Basi anataka kwenda kuzidisha kamba za mashua upande huo, arudi. Kamba tu, kaapa. Sólrún anamwambia ahesabu dakika. Amevaa buti tena. Nimemfunga skafu mwenyewe. Dakika kumi na mbili sasa, namwona gatini, kamba ya tatu, na vioo vya jikoni vimeanza kutetema —