Mstari wa Shingoni

Wawi, Chake Chake, Pemba
2 Machi 1959

Mpendwa Dada Mwanakhamis,

Assalaam alaykum warahmatullah. U hali gani huko Tanga? Goti lako limepoa, au bado lakusumbua ukisujudu? Na Shemeji Nyange, kile kifua? Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Moyo wangu ndio mgonjwa, na sina wa kumwambia ila wewe uliyenilea.

Ile habari ya kujifunza kuchora watu kwa Mwalimu Bakar imenifikisha pabaya.

Dada, si kama ule mchezo wetu wa makaa ukutani. Mwaka mzima sikumgusa mtu. Kwanza kunakili picha za kitabu, kisha mguu wa sanamu ya plasta, kisha kichwa chake. Unafumba jicho moja, unanyoosha mkono na kalamu, unapima. Timazi ya waashi inaning'inia mbele yako, ujue bega limekaa wapi. Ukikosea, Mwalimu anafuta yote kwa tonge la mkate. Mkate, dada! Nami naanza upya.

Mwezi wa Rajabu ndipo akanipa mtu hai: Mzee Safari, mchukuzi wa magunia ya karafuu, kakaa kitini na kikoi chake. Watu wakichungulia dirishani, naye bila kugeuka akinambia, "Jecha, nitie na meno, ya kwangu yamekwisha!" Nikamaliza. Wallahi alikuwa yeye mwenyewe, amebakiza kuvuta pumzi tu.

Hapo nikaogopa. Nikakumbuka tulivyosomeshwa chuoni, kwamba mchoraji ataambiwa Kiyama akitie roho alichokichora. Nikampiga mstari shingoni, kama afanyavyo Shangazi Mwatum kwa picha za watu kwenye makopo ya biskuti, ili asihesabiwe kiumbe hai.

Mwalimu alipouona alivua miwani. "Shingo nimekufundisha mwezi mzima, wewe unaichinja?"

"Naogopa, Mwalimu."

"Basi kaogope kwenu! Niletee mtu asiye na mstari, tutaendelea. Usipoleta, nikihama baada ya Idi usinililie."

Na mwalimu mwingine wa kazi hii kisiwani hapana.

Shehe Ahmada naye kasema mstari hautanifaa kitu. Nichore miti, mtu nimwachie Muumba wake.

Nimejaribu tena, dada. Kila nikifika shingoni mkono unakufa. Nikasema niache, na kuacha nako siwezi. Ijumaa iliyopita nimesimama safuni, macho yangu yanampima aliye mbele yangu urefu kwa vichwa, kama afunzavyo Mwalimu: kichwa kimoja, viwili, vitatu, hadi kisiginoni. Imamu katoa salamu, mie sijui kasoma sura gani. Nikalia njia nzima. Kuchora sikukupata, na sala naiona yaniponyoka.

Nambie wewe: nirudi kwa Mwalimu na mtu mwenye shingo nzima, au nichome yote kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama? Utakalosema nitalifuata. Mie akili yangu imefika mwisho.

Nisalimie Shemeji, na Mwanawema mwambie namwombea ajifungue salama. Mungu akupe afya, aipokee saumu yako.

Nijibu upesi, dada, nakuomba.

Nduguyo akupendaye,
Jecha