Tonge Lililoniponyoka Wamaza

Mujukuu wangu Amisi,

Salamu zikufikie huko Salamabila. Hapa Kasongo tuko wazima. Dada yako Zaina amejifungua, na bibi yako hataki mutu mwingine ambebe mutoto.

Umeniuliza kwa nini vidole vinakufa ganzi ukiendesha pikipiki mbali. Mimi vilinifia safarini kwenda kijiji cha Wamaza. Nilikwenda kumuposa bibi yako, na rafiki yangu Ramazani akanisindikiza, kila mutu na pikipiki yake. Kwao wakatunawisha, wakaweka bukari ya unga wa muhogo na sombe ya majani yake. Nikamega, tonge likaniponyoka mbele ya baba mukwe. Ramazani akamega vizuri kabisa. Musichana wangu akanicheka mimi, akamusogezea yeye sombe!

Wivu ulinichoma. Wakati wa kurudi nikakaa nyuma yake, nimuchunguze. Mimi nilikuwa ninakaba usukani kama nimekamata mwizi. Yeye aliushika kama mutu anayeshika kifaranga, viwiko vimelegea. Kwenye mashimo alinyanyuka kidogo kwenye kiti. Penye njia nzuri alishusha mukono wa kushoto, akaukunguta. Kila alipoona kivuli, alisimama kunyoosha vidole. Fanya hivyo hivyo.

Nikamuiga, na tonge halikuniponyoka tena. Lakini jana, akinipakulia, bibi yako akauliza: "Ramazani iko muzima bado?"

Nikakaba kikombe cha chai mpaka vidole vikafa ganzi.

Ni mimi, babu yako